Kilima cha Madoa

Bibi Misitu alikamatwa kwa kosa la kuchoma msitu, mchana kweupe, mwezi wa Juni, na waliomkamata walikuwa watu aliowafundisha yeye mwenyewe namna ya kukamata.

Nilikuwepo. Nyumba ya mama yangu iko chini ya kilima kile, upande wa Haneti, na nilikuwa nimetoka Dodoma mjini makusudi kuja kuona moto ukiwashwa. Moto ulikuwa na kibali cha kijiji. Ulikuwa mdogo, unatambaa taratibu kuukabili upepo, ndimi zake hazifiki magotini, na sisi tuliousimamia ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza kuacha kuuogopa. Ghafla juu ya mgongo wa kilima likatokea kundi la watu wa kitongoji cha pili, wanakimbia, matawi mabichi mikononi, wamejipanga mstari kama askari. Hakuna aliyewaambia kwamba leo tunachoma kwa ruhusa. Ujumbe ulitumwa kwenye simu ya mwenyekiti wao, na simu ya mwenyekiti wao ilikuwa imeisha chaji tangu juzi.

Waliupiga ule moto ukafa kabla hatujamaliza kupiga kelele za kuwazuia. Kisha kiongozi wao, Sesilia, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akatupima kwa macho na kuuliza, "Nani kawasha?"

Bibi Misitu akainua kiberiti juu ili wote wakione.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Sesilia."

"Umewasha wewe?"

"Mimi."

Sesilia akawageukia wenzake, akarudi kumtazama. "Basi utatusamehe. Uko chini ya ulinzi. Ulisema tusimwache mtu, hata akiwa mama yetu mzazi."

"Nilisema. Nikamateni. Lakini huyo aliyenishika aje mkono wa kulia, wa kushoto una baridi yabisi."

Tukateremka msafara mzima kuelekea ofisi ya kijiji, na njia nzima mkamatwa alikuwa anawasahihisha waliomkamata.

"Nani aliingia upande wa mbele, moto unakoelekea?"

"Mimi, Bibi," akajibu mwanamume mmoja kwa majivuno.

"Ungekuwa moto wa Oktoba sasa hivi tungekuwa tunakuchimbia. Tunaingilia wapi?"

"Ubavuni."

"Ubavuni! Lakini mmekuja haraka. Jamani, mmekuja haraka sana!" Na hapo sauti yake ikapanda kwa furaha isiyo na uhusiano wowote na mtu anayepelekwa kushtakiwa.

Mtendaji wa kijiji alipotuona alikitoa kibali kwenye mfuko wa shati, akakitazama, akamtazama mhalifu, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Sesilia alijifunika uso kwa kanga. Bibi Misitu hakucheka. Alikuwa anauliza kama kuna yeyote aliyebaki kilimani kuangalia visiki vinavyofuka. Hakukuwa na mtu. Akageuka, akaanza kupanda tena, na sote tukamfuata, walinzi na wachomaji, tumechanganyikana.

Tulimwita Bibi Misitu kama tunavyomwita mtu Bwana Shamba au Bibi Afya, kwa kazi yake. Alikuja kwetu akiwa ofisa misitu wa serikali, akastaafia hapahapa, akajenga nyumba ya vyumba viwili inayotazamana na kilima, na cheo kikabaki kuwa jina. Wapo watu waliokaa naye jirani miaka yote hiyo na hawalijui jina jingine. Ni Mrangi wa Kondoa. Anafunga Ramadhani yake kwa ukamilifu, na kila Krismasi anawapelekea majirani Wakristo sufuria la pilau, akidai kwamba Wagogo hawajui pilau. Wanajua. Pilau yake ndiyo inayoungua chini kila mwaka. Wanamshukuru, wanapakua ya juu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwanamke aliyekilinda kilima kisiungue kwamba hawezi kulinda sufuria.

Ana mambo mengine ya namna hiyo. Kwa miaka mingi aliwafukuza wachoma mkaa mpaka wakahama, na jikoni kwake kuna jiko la mkaa. Ukimuuliza, anajibu, "Huu nimeukuta sokoni." Moshi hapendi. Mtu akivuta sigara karibu naye anahama kigoda. Lakini siku kilima kinapochomwa anasimama katikati ya moshi bila kukohoa, anauvuta puani kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anasema ni nyasi za aina gani zinazoungua na kama chini yake kuna samadi.

Anaongea kwa haraka, mikono ikisaidia. Hajui kusimulia jambo akiwa ameketi. Akifika penye utamu anainuka, anakuonyesha moto ulivyopinda, upepo ulivyogeuka, mtu fulani alivyokimbia na kiatu kimoja, na mwisho wa habari unamkuta yuko uani kwa jirani.

Katika miaka yake ya ukali sheria ilikuwa moja tu: moto marufuku. Alitundika rimu ya gari kwenye mgunga karibu na ofisi ya kijiji, na rimu ikilia kila mwenye miguu anakwenda. Alifanya majaribio bila taarifa. Anapanda kilimani peke yake, anafukiza majani mabichi kwenye kopo, kisha anakaa juu ya jiwe kuona nani atafika kwanza. Sesilia ndiye aliyekuwa anafika kwanza, mara nyingine na unga wa ugali ungali mikononi.

Adhabu ya aliyekamatwa aliitunga mwenyewe na kijiji kikaikubali. Hukulipa faini. Ulipewa visiki. Kilima kile kilikuwa kimekatwa miti yote zamani, lakini visiki vilikuwa hai, vinachipua kila masika na kuliwa na mbuzi kila kiangazi. Mhalifu alikabidhiwa sehemu yake. Anachagua kwenye kila kisiki machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, anakata mengine, anafunga kitambaa kuonyesha kwamba kisiki hiki kina mlezi, na anakilinda mpaka chipukizi limpite kimo. Mhalifu sugu kuliko wote alikuwa Mzee Ndahani, mfugaji, ambaye kila Septemba alichoma nyasi kavu ili ng'ombe wake wapate majani mabichi mvua ikigusa ardhi. Alikamatwa mara nyingi hata akawa na visiki vingi vya kulea kuliko mtu yeyote. Siku hizi ukipanda kwa upande wa mashariki unapita kwenye miti ya mininga na milama mizuri, imenyooka kama nguzo, na watu wanakuonyesha, "Hii ni kesi za Ndahani."

Ndahani naye hakukosa la kusema. "Mrangi wewe," alikuwa anamwambia kila wakikutana, "umenifanya mimi mtu wa ng'ombe nichunge magogo."

"Magogo hayali mahindi ya jirani," anajibiwa. "Endelea kuchunga."

Mara moja katika mkutano wa kijiji, Bibi Misitu alisimama akatoa ahadi. Alisema, tukilinda, kilima hakitaungua. Alisema mbele ya watu wote, na watu walilinda. Na kweli hakikuungua, mwaka baada ya mwaka. Miti ikapanda. Kisima cha chini ya kilima, ambacho kina mama walikuwa wanakikuta kimekauka Agosti, kikaanza kutoa maji mpaka Oktoba. Kwale wakarudi. Wazee wakatundika mizinga ya nyuki. Ng'ombe hawakuruhusiwa, moto haukuruhusiwa, na nyasi nazo zikapanda. Hazikuliwa wala hazikuungua. Za mwaka huu zikalalia za mwaka jana, na za mwaka jana zikalalia za mwaka juzi, mpaka ukikanyaga unahisi umekanyaga godoro.

Kisha ikaja masika moja ya mvua nyingi kuliko kawaida, na baada yake kiangazi kirefu chenye joto ambalo hata wazee walilikataa kuwa ni la kwetu. Oktoba ikafika mvua haijaonekana. Moto ulitoka magharibi, ukapita kwenye shingo ya kilima, yaani ule mgongo mwembamba unaokiunganisha kilima chetu na cha kijiji jirani, na ukala upande wetu wote kwa alasiri moja.

Rimu ililia, watu wakaenda, hawakuweza kusogea. Joto lilikuwa linakusukuma kifuani kama mkono. Ndimi zilikuwa juu kuliko miti yenyewe. Mizinga ilipasuka mmoja mmoja. Sesilia aliwarudisha watu wake nyuma kwa matusi, na hilo ndilo lililookoa maisha, kwa maana wapo waliotaka kuingia. Jioni kilima kilikuwa cheusi toka chini hadi juu, na miti iliyokuwa imezidi kimo cha nyumba ilikuwa imesimama kama vijiti vya kiberiti vilivyotumika.

Bibi Misitu alikuwa amekaa juu ya mawe ya kisima. Watu walipita mbele yake. Ndahani ndiye aliyesimama.

"Miaka yote hii nilidhani unafuga miti," alimwambia. "Kumbe ulikuwa unatufugia moto."

Kesho yake asubuhi Bibi Misitu alikwenda nyumbani kwa Ndahani, akamkuta anakamua, akaketi kwenye gogo la zizi. Ndahani mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na katika kusimulia alikuwa anamwigiza, mikono hewani.

"Akaniambia, chuoni tulifundishwa kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, kidogo kidogo, ili moto mkubwa ukija ukose chakula. Nikamwuliza, sasa mbona hukufanya? Akasema, kwa sababu 'marufuku' ni neno rahisi kulisimamia. Nikamwambia, Mrangi, hilo neno lako limekula mizinga ya watu. Akasema, najua. Kisha akaniomba maziwa!"

Walibishana siku nzima. Ndahani alitaka majani mabichi ya ng'ombe, kwa hiyo alitaka kuchoma. Bibi Misitu alitaka miti, kwa hiyo alikuwa hataki. Ndahani alizoea kuchoma Septemba, wakati ambao moto hauna breki. Yeye alikuwa anajua kwamba ukichoma mwanzo wa kiangazi moto unapita chini, unaramba nyasi, unauacha mti ukiwa na ganda lake, na nyasi zinachipua kwa unyevu uliobaki ardhini. Jua lilipofika kuzama waligundua kwamba walikuwa wanagombania kiberiti kimoja, tofauti ni mwezi.

Kazi ilikuwa kuwaambia watu. Fikiria mkutano ule. Mtu aliyewaahidi kwamba kilima hakitaungua, na kimeungua, anasimama kuomba ruhusa akichome. Nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na mama yangu, na nakumbuka jinsi uwanja ulivyochemka.

"Umechanganyikiwa!" mtu akapaza.

"Hukutosheka?"

"Bibi, kaa chini, tunakuheshimu, kaa chini."

Hakukaa. Alinyoosha mkono kuelekea kundi la ng'ombe wa Ndahani waliokuwa wanapita nyuma ya uwanja. "Yule," akasema. "Yule mwenye madoa. Mnamwona? Sitaki kilima cha njano chote, kama tulivyokuwa nacho. Sitaki kilima cheusi chote, kama tulichonacho. Nataka kilima kama yule ng'ombe. Doa tumechoma, doa tumeacha. Moto wa Oktoba ukifika kwenye doa jeusi, unakufa. Mwaka unaofuata tunahamisha madoa."

Uwanja mzima ukageuza shingo. Katika nchi hii mtu akikuonyesha ng'ombe, unatazama.

"Na likitoka doa moja likakimbilia lingine?" akauliza Sesilia.

"Ndiyo maana nawahitaji ninyi mnaojua kuzima. Mliofundishwa kuzima ndio watakaowasha."

Mama yangu aliniinamia sikioni. "Huyu mwanamke," akasema, "ama atatuokoa, ama tutamfukuza na sufuria lake." Mkutano ulikubali kwa shingo upande, kwa doa moja tu, la majaribio, siku yake itangazwe kibali kikitoka. Na siku ya doa hilo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupiga njiti ya kwanza, aliipiga mwenyewe, na yakatokea yale niliyoanza nayo.

Baada ya kukamatwa hakuwahi tena kushika kiberiti. Nilimwuliza sababu, nikidhani ni aibu.

"Aibu ya nini? Ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote. Lakini nikiwasha mimi, ni moto wa Bibi Misitu. Ukikosea, kosa ni langu na nyie mmekaa pembeni. Akiwasha Ndahani ni moto wa Ndahani, akiwasha Sesilia ni wa Sesilia. Wakiwasha wote ni moto wa kijiji, na mtu hakimbii moto wake."

Alikuwa na semi za moto nyingi, nyingine za kutunga papo hapo. Ninayoipenda ni hii: moto ni mgeni, ukimkaribisha mwenyewe atakaa ulipomwekea kiti, akiingia bila hodi atalala kitandani kwako.

Tatizo ni kujua siku ya kumkaribisha. Zamani, anasema, ungeweza kusema mwezi wa tano mwishoni na usikosee sana. Siku hizi mvua inaweza kukatika Machi ukabaki unaangalia mtama unakauka, au ikakokota mpaka Mei nzima. Upepo wa kusi ambao tuliuzoea ukija na baridi ya Juni na Julai, unaweza kuanza kabla hujajiandaa. "Kalenda ya ukutani ni picha tu," anasema. Kwa hiyo kila kiangazi anafanya kazi moja tangu mvua ya mwisho. Kila asubuhi anapanda kidogo, anang'oa konzi ya nyasi, anaifumbata na kuisikiliza sikioni. Zikikunjika kimya, bado. Zikivunjika kwa mlio, umechelewa. Anazitaka zile zinazonong'ona. Amefunga utepe wa kanga kuukuu kwenye kijiti mbele ya nyumba ili auone upepo hata akiwa anakunywa chai, na mazungumzo yoyote naye yanakatika utepe ukibadilika. Unaweza kuwa unamwambia habari ya msiba, akainua kidole: "Subiri. Umegeuka."

Mwaka wa pili wa madoa ndipo nilipoona kitu kizuri ambacho sijawahi kukiona kabla. Ndahani alipewa njiti. Mzee yule aliyekamatwa kwa kuchoma mara zote zile alipiga njiti kwa ruhusa mbele ya kijiji kizima. Ikazimika. Ya pili ikazimika.

"Ulipokuwa mwizi ulikuwa unawasha kwa njiti moja!" Sesilia akapiga kelele, na watu wakaangua vicheko.

Ya tatu ikashika. Moto ukaanza kutembea, mdogo, mtiifu, unapasuapasua nyasi kwa sauti ya mvua inayoanza kwenye bati. Mwewe wakaja kutoka pasipojulikana, wakawa wanapiga mbizi kuokota panzi wanaoruka mbele ya ndimi. Kina mama walisimama kwenye mpaka uliofyekwa na matawi yao, na kila moto ulipofika mpakani ukafa wenyewe, vigelegele vilipanda. Watoto walikatazwa kusogea lakini walipewa kazi ya kupiga kelele kama kuna cheche imeruka, na waliifanya kazi hiyo hata pasipo na cheche. Saa nne mpaka adhuhuri, doa moja. Kesho doa jingine. Ilikuwa kama mavuno. Watu walikuja na uji.

Majuma machache baadaye doa la kwanza lilikuwa limechipua majani ya kijani, mwezi ambao nchi nzima ya Dodoma ni rangi ya mkate. Ng'ombe wa Ndahani waliingizwa kwa zamu, na machipukizi ya visiki yalikuwa yamesimama, majani ya chini yamebabuka, vichwa vizima.

Na Oktoba, moto ukaja. Ulitoka magharibi kama ule wa kwanza, kwenye shingo ileile. Rimu ikalia. Nilikuwa nyumbani, nikapanda mbio pamoja na wengine, kwa maana nilikiona kilima kile kikiteketea mara ya kwanza na sikutaka kukiona tena. Tuliuona unapanda, mrefu, unanguruma. Ukafika kwenye doa. Ukashuka. Hivyohivyo tu, ukashuka kutoka kimo cha mti mpaka kimo cha mguu, ukahangaika kushoto, ukahangaika kulia, ukatafuta, ukafa. Ulipita mahali pamoja ukala mwinuko mmoja wa nyasi, ukakutana na doa lingine, ukafa tena. Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama na matawi mabichi mikononi wakiwa hawana cha kupiga.

Sesilia akalitupa tawi lake chini. "Sasa tumekimbilia nini?"

Kicheko kilichotoka hapo ulikuwa unakisikia kutoka barabarani. Mzee Ndahani alikuwa anacheza, peke yake, mabega yanarukaruka Kigogo, bila ngoma. Nilimtafuta Bibi Misitu. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa doa jeusi, anashika ardhi kwa kiganja kuona kama imepoa, na alikuwa anaongea peke yake, au na ardhi, haraka haraka, sikuyasikia maneno.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi. Mvua zilichelewa kuanza na zikachelewa kuisha. Nikitoka mjini, baada tu ya Msalato, nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimekwisha kumzidi mtu kimo, na upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza kuzilaza. Niliijua maana yake kwa sababu yeye alikuwa amenifundisha kuijua.

Nilimkuta kwenye shingo ya kilima pamoja na Sesilia. Amezeeka. Anapanda kwa kusimama mara nyingi, lakini anapofika juu bado anaongea kwa mikono. Madoa yote ya mwaka huu yalikuwa yamechomwa vizuri, ananionyesha moja baada ya jingine, na kilima kilikuwa kama yule ng'ombe wa madoa wa ahadi yake. Imebaki shingo.

Nusu ya shingo ni ya kijiji jirani. Kwa miaka hii michache tulichoma nusu yetu na wao walikuwa hawajali. Sasa wanajali, na ni kwa sababu yetu. Waliona kisima chetu, wakaiga. Mwaka jana wakaanza kulea visiki vyao, na mahali walipoanzia ni palepale kwenye shingo. Machipukizi yao ni ya mwaka mmoja, hayajafika magotini, yamefungwa vitambaa vya rangi zote kama watoto wa sikukuu. Mwenyekiti wao alikuwa amepiga simu asubuhi ile, na Sesilia aliniambia alichosema: Msituchomee watoto.

"Moto mdogo hauwezi kuyaruka?" niliuliza.

"Yakiwa ya miaka mitatu, minne, ndiyo," Bibi Misitu akasema. "Yana ganda. Haya ni maji matupu. Hata ule moto mtiifu wa Ndahani utayaua."

"Na tusipochoma?"

"Oktoba moto mkubwa utapita hapohapo. Utayaua hayo, kisha utakuja kwetu na kasi yake yote. Nyasi za mwaka huu umeziona."

"Tufyeke basi," Sesilia akasema, na ilikuwa dhahiri kwamba wameshalisema hilo mara nyingi. "Tufyeke kwa mikono, kisiki kwa kisiki, tubebe nyasi nje."

"Kwa watu wangapi? Kila mtu yuko kwenye mtama. Na upepo huu."

"Bibi, sasa tufanye nini?"

Aling'oa konzi ya nyasi, akaifumbata, akaipeleka sikioni. Tulisubiri. Nilimjua mwanamke huyu kwa miaka na sikuwahi kumwona anakosa jibu, hata lililokuja kuwa si sahihi.

"Hapa sijui," akasema. Kisha macho yakamwaka, kwa namna ileile ya siku ya mkutano, akamshika Sesilia mkono. "Sijui kabisa! Unaelewa? Wana visiki! Kijiji kizima kile kina visiki, na wanatugombeza sisi kwa ajili ya moto!" Na akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, na upepo unaivuta kanga yake.

Walianza kufyeka siku ileile, wawili hao, na kesho yake wakaongezeka watu wa kijiji jirani, walioacha mtama wao. Mimi ilibidi nirudi kazini.

Sesilia alinipigia juzi. Wamefyeka kutoka kwetu mpaka kwenye mwamba ulio katikati ya shingo. Bibi Misitu anakaa pale kivulini mwa mwamba na fyekeo mapajani, anaelekeza. Kutoka mwamba kwenda magharibi nyasi bado zimesimama, zimegeuka njano, na zikivunjwa zinalia. Halmashauri za vijiji viwili zitakaa pamoja juma lijalo kuamua nyasi hizo zifanyweje, kama upepo utakubali kusubiri.